Niliyemwacha Relini

Kosa langu ni mdomo. Wengine huponzwa na pombe, wengine na wake za watu. Mimi niliponzwa na tabia ya kuongea peke yangu juu ya baiskeli, kama kondakta wa basi lisilo na abiria. Ningeufunga mdomo huu pale korongoni kama nilivyoambiwa, leo ningekuwa nashona suruali za watu kwa amani, na wewe usingekuwa na cha kusoma.

Najua unachofikiri. Mambo ya namna hii hutokea usiku wa manane, mwezi umejificha, na anayesimulia ametoka kilabuni. Basi kisa changu kilinikuta mchana kweupe, na tangu nizaliwe sijawahi kulewa, si kwa uchaji, ni kwa sababu pombe hunipa kiungulia. Ukitaka amini, usipotaka endelea na shughuli zako. Shati ninalo, limetundikwa nyuma ya mlango, na habari zake nitakueleza tukifika.

Kwanza unijue. Mimi ni fundi cherehani, Ipagala, barazani kwangu mwenyewe. Nikitoka kitandani nimeshafika kazini. Baba yangu aliletwa Dodoma na kazi ya reli kutoka Tabora, akasafiri kiasi cha kuutosha ukoo mzima, nami nikaona si vizuri kushindana na mzazi. Nikamaliza kidato cha nne, nikajifunza kushona, nikakaa. Mke wangu, Mama Tumaini, husema siku nikifa watapata kazi kunitenganisha na kiti.

Sasa siku moja akaja Mfaransa. Alikuwa anazunguka na baiskeli, amekauka kama kuni, pua imebabuka, na mkoba wake mmoja umechanika. Wakati namshonea, akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba kwao watu wakipata likizo hupanda baiskeli wakazunguka mashambani, kijiji hadi kijiji, wanakula mkate, wanalala kwenye hema kando ya mashamba ya zabibu.

Nikamuuliza, wanakwenda kumsalimia nani? Akasema hakuna. Wanauza nini? Hakuna. Wanatazama tu. Nilicheka mpaka uzi ukakatika.

"Zabibu hata sisi tunazo," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Wewe umeziona shambani?"

Nilikuwa nimeziona sokoni.

Jirani yangu, Mama Ndahani, alikuwa amekaa hapo barazani anachambua mboga. Huyu ni Mgogo wa vijijini kabisa, mjini kaletwa na watoto, na hajui kulizungusha neno. Likimfika linatoka. "Mwenzako katoka Ulaya kwa baiskeli," akasema bila kuinua uso. "Wewe hata Mkonze, hapo pembeni ya mji, unaijua kwa kusimuliwa."

Mama Tumaini akacheka kule ndani. Akacheka, kisha akanyamaza kidogo, kisha akacheka tena. Ni kicheko kile cha pili kilichoniuma.

Nikaazima baiskeli kwa shemeji yangu. Ilikuwa ile nyeusi ya zamani, nzito, yenye keria pana ya chuma iliyozoea kubeba magunia ya mkaa. Nikajishonea mikoba miwili ya turubai nikiiga ile ya Mfaransa. Nikavaa shati langu la kitambaa cha kaki nililojishonea mwenyewe, lenye pindo maridadi kiunoni. Jumamosi asubuhi nikaaga kama mtu anayekwenda Makka. Mama Ndahani akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Ukichoka usilale njiani," akasema. "Fisi wa huko hawachagui."

Nikapita mjini, nikapita Kizota katikati ya kelele za mafundi wa kuchomelea mageti, nikavuka reli, nikafika Mkonze, nikaipita. Mimi! Baada ya hapo nikaacha lami.

Sitakuficha, palikuwa pazuri. Ulikuwa msimu wa baada ya mavuno, ule upepo wetu wa Dodoma unaokuvua kofia na kukupa vumbi badala yake. Mizabibu imepunguzwa matawi, imebaki visiki vilivyojikunja kama vidole vya wazee. Mabua ya uwele yanakwaruzana. Lakini ukimya, ndugu yangu! Mtu aliyezoea kukaa na cherehani hawezi ukimya wa namna ile, anasikia hadi tumbo lake linavyofikiri. Basi nikaanza kujitangazia njia. "Haya abiria, tunakata kushoto, kushoto hapo, shikilieni!" Nikifika kwenye kilima: "Tunapanda, tunapanda, atakayeshuka kusukuma Mungu atamlipa." Nikawa najifurahisha hivyo njia nzima, kila njia panda, kila daraja.

Alasiri nikafika kwenye korongo. Si korongo dogo. Ni mto wa mchanga mtupu, mpana, masika hupitisha maji ya kubeba ng'ombe na kiangazi unabaki umelala mweupe kama kitambaa kilichotandazwa. Ng'ambo ya pili ndiko kilikokuwa kijiji, ambacho sitakitaja jina kwa sababu mtu mmoja wa huko bado yuko hai na sina haki ya kumtangaza. Vijana wawili walikuwa wanashusha baiskeli zao mchangani. Nikawasalimia, nikafungua mdomo wangu: "Haya abiria, tumefika..."

Mmoja akanitazama kwa jicho la kunikata ulimi. "Kaka, hapa tunapita kimya."

Nikadhani nyuki. Sisi watu wa mjini tukiambiwa tunyamaze porini, akili inakwenda kwenye nyuki. Nikafunga mdomo, tukasukuma baiskeli mchangani wote watatu kama watu wanaotoka kuiba.

Vijana wale wakanipeleka kwa mama mmoja mwenye chumba cha ziada. Walimwita Mama Nyemo. Hakuwa mzee, alikuwa amezeeka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikajaribu na "mbukwenyi", salamu yao ya Kigogo, ya kuokoteza, akatabasamu. Sikumwona akitabasamu tena. Akanisongea ugali wa uwele kwa mlenda, nikala mpaka mkanda ukalalamika.

Jua lilipoanza kushuka akatoka, akateremka kuelekea korongoni. Udadisi nao ni ugonjwa. Nikamfuata kwa mbali. Alisimama ukingoni, akaanza kuongea na mchanga. Kigogo changu ni cha kununulia mboga, lakini kiasi fulani nilikipata. Alikuwa anaelekeza njia. Hapo mbele yako pana ukingo umebomoka, shika mzizi. Ukishapanda, kata kulia penye mgunga uliopasuliwa na radi. Ukiona zizi, umefika, mama. Alisema polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto aliyefumbwa macho. Kisha akanyamaza, akasubiri. Kisha akaanza tena mwanzo.

Alipogeuka akanikuta nimesimama, tukarudi wote, na nyumbani ndipo akanieleza, na alieleza bila kulia, kwa sauti ya kuelezea ng'ombe alipo.

"Nyemo ni binti yangu," akasema. "Alifia hospitali, huko mjini kwenu. Sisi katika ukoo wetu, maiti akitoka mbali anabebwa huku anaambiwa njia. Mkifika mto, mnamwambia tunavuka. Mkifika njia panda, mnamwambia tunakata huku. Mnamwambia twende nyumbani, tusiachane. Hajui njia, yeye. Amefunikwa uso."

"Naam, mama."

"Wakwe zake walimleta kwa gari. Gari likazama korongoni. Wakamtoa, wakamfunga kwenye keria ya baiskeli, wakavuka naye wanagombana kamba ipi ifungwe wapi. Hakuna aliyemwambia neno. Mwili wakaufikisha, tukauzika pale." Akanionyesha mawe nyuma ya zizi. "Yeye yuko kule mchangani."

Nilitikisa kichwa kwa heshima. Moyoni, nakiri, nilikuwa tayari nawaza jinsi nitakavyomsimulia Mama Tumaini.

"Wewe una baiskeli," akaendelea. "Na vijana wameniambia walikusikia tangu mbali unatangaza njia. Kesho kabla hujaondoka, twende wote. Ushuke, umwambie apande, umlete mpaka pale kwenye mawe. Si mbali."

"Vijana wa hapa je, mama?"

"Wanaogopa uzito wake. Nimekwenda na punda, punda kakataa kukanyaga mchanga."

Unajua nilimjibu nini? "Tutaona asubuhi, mama." Ile tutaona ya fundi cherehani kwa mteja ambaye nguo yake haijakatwa hata kitambaa. Yeye, maskini, aliipokea kama ahadi. Akanishukuru. Akanipa blanketi lake zuri.

Kulipopambazuka nilitoka kwenye chumba kile kama mwizi wa kuku. Nilimsikia anapuliza moto jikoni, ananipikia uji, nami nikapitisha baiskeli nyuma ya zizi, kando ya yale mawe. Sikumwogopa marehemu, tuelewane. Nilimwogopa mama, macho yake yanaponisubiri nifanye kitu nisichokiamini. Nilijiona mwerevu sana.

Nikafika korongoni, nikakaza taya. Mchanga wa asubuhi una baridi na ni mzito, gurudumu linazama, unasukuma kwa kifua. Nikawa nasukuma huku nawaza nyumbani. Chai ya Mama Tumaini. Kiti changu. Nikauona ukingo wa upande wa mjini umekaribia, nikafurahi, na mdomo, ule mdomo, ukafunguka wenyewe:

"Haya, tunavuka, twende zetu nyumbani, tusiachane!"

Nilisikia maneno yakitoka kama ya mtu mwingine. Nikasimama. Hakuna kitu. Upepo tu. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kujipa moyo, nikapanda ukingo, nikarukia baiskeli, nikakanyaga pedali.

Baiskeli haikwenda.

Yaani ilikwenda, lakini kama ya mtu aliyepakia. Wewe uliyewahi kumbeba mtu kwenye keria unaijua hali hiyo. Mzigo wa gunia umekufa, haukujibu. Mtu anakujibu. Ukiyumba, naye anayumba kidogo, anajiweka sawa. Keria ile ilijibu. Chuma kikalia nyii, kikatulia, na tairi la nyuma, nililolijaza upepo mwenyewe, likabonyea.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kesi. Kijiji kilikuwa bado kinaonekana. Moshi wa jikoni kwa Mama Nyemo niliuona, umelalia upande kwa upepo. Kugeuza baiskeli, kurudi mchangani, kumfikisha yule binti penye mawe, kingekuwa kitendo cha muda wa kunywa kikombe cha uji, na uji wenyewe ulikuwa unanisubiri. Sikugeuza. Nilijiambia mchanga umeingia kwenye ekseli. Nikajiambia mlenda wa jana. Nikakanyaga.

Kwenye njia panda ya kwanza sikutangaza kitu. Sauti ikauliza nyuma yangu, karibu na bega, taratibu, sauti ya mgonjwa asiyetaka kusumbua watu:

"Hapa tunakata wapi?"

Mtu mwenye akili angetupa baiskeli akakimbia. Mimi nilijibu. Niamini, nilijibu kwa adabu kabisa, "Kulia," kama vile naulizwa saa.

"Haya," ikasema.

Na mikono ikanishika shati kiunoni. Mikono miwili, ngumi mbili ndogo, pande zote mbili, kama wanavyoshika abiria wa kike wasioizoea baiskeli. Haikuwa ya baridi kama wanavyosema watu. Haikuwa ya joto pia. Ilikuwa kama kushikwa na nguo. Na harufu ikanifikia, harufu ninayoijua kuliko ninavyoijua ya mke wangu: bafta mpya, nyeupe, ambayo haijafuliwa, ile dawa ya kiwandani bado imo. Mimi huuza kitambaa hicho kwa watu waliofiwa, cha sanda. Nimekikata mara nyingi nikipiga soga na redio.

Kwa nini sikurudi hapo? Nimejiuliza sana. Jibu ninalo na halipendezi. Nilikuwa nataka kwenda nyumbani. Basi. Mtu wa kukaa nyumbani akiogopa hana pengine pa kukimbilia. Nikaendesha. Kila njia panda ikauliza, nami nikajibu. Kila mtaro: "Tunavuka?" Nikasema, "Tunavuka." Mara moja ikauliza kama mama amepika. Nikasema amepika. Hapo sikudanganya, uji ulikuwa jikoni, nyuma yetu, unazidi kuwa mbali.

Mkonze nikasimama kwenye genge, koo limenikauka. Mama mmoja alikuwa anauza maandazi. Nikaomba maji bila kushuka, maana niliogopa kushuka. Alinipa, kisha akatazama nyuma yangu, akakunja uso.

"Baba wewe, mgonjwa wako umemfunika uso wote hivyo, atapumuaje?"

Kikombe kikaniponyoka. Ukutani mwa genge lile kivuli changu kilikuwa kimelala, mtu na baiskeli, na nyuma ya mtu kuna mwingine, amekaa upande miguu imeelekea pembeni kama wanavyokaa wanawake, ameinamisha kichwa, na kichwa chenyewe hakina pua wala kidevu, kimeviringishwa chote. Nikatazama keria kwa macho yangu. Mikoba ya turubai tu, na nafasi katikati yake.

"Mfunue, jamani!" yule mama akasema, na akanyanyuka aje amfunue yeye.

Nikakanyaga pedali kwa nguvu ambazo hata Mfaransa hana.

Hapo ndipo nilipoacha kujidanganya, na hapo ndipo nilipoanza kuwaza kama mhalifu. Nilimwambia twende nyumbani. Nyumbani kwangu. Kuna Mama Tumaini, kuna Tumaini mwenyewe, anatoka shule anakimbilia kwenye keria ya baiskeli yoyote anayoiona. Nikimfikisha huyu barazani na kusema tumefika, atashuka, ataingia, na atakaa. Na nikirudi kijijini? Ni mbali, nimechoka, nikakutane na yale macho. Ndipo nikakumbuka maneno ya Mama Nyemo. Hakuna aliyemwambia neno. Yeye yuko kule mchangani.

Mbele yangu ilikuwa reli ya Kizota.

Nilipoikaribia nilikaza meno mpaka yakalia. Mafundi walikuwa wanachomelea, cheche zinaruka, redio inapiga muziki wa kanisani, watu wengi, mchana mtupu.

"Tunavuka?" ikauliza.

Nikanyamaza.

Gurudumu la mbele likapanda reli ya kwanza. Ngumi zikabana shati.

"Kaka, tunavuka?"

Nikanyamaza. Nilikuwa natokwa jasho kwenye macho, labda lilikuwa jasho. Gurudumu la nyuma likapanda, likashuka, kisha reli ya pili, likapanda, likashuka. Na shati likaachiwa. Baiskeli ikaruka mbele kama ng'ombe aliyefunguliwa nira, nikavamia geti jipya la watu, fundi akanitukana tusi ambalo sijawahi kulisikia na ninakubaliana nalo.

Sikugeuka. Lakini masikio hayana kifuniko. Kule relini nilisikia mara moja tu, bila hasira:

"Kaka?"

Nilifika nyumbani, nikaoga, nikalala hadi kesho yake, na Mama Tumaini akacheka tena, safari hii kwa wema, akidhani ni uchovu wa utalii. Alilifua lile shati akalipiga pasi. Akalipiga tena. Akaniita. "Fundi, hiki kitambaa umekifanyaje?" Kiunoni, kulia na kushoto, palikuwa na mikunjo miwili iliyokusanyika kwa ndani, kila mmoja umekaa kama ngumi ya mtu mdogo. Nimelipiga pasi ya mkaa na ya umeme. Nimeliloweka, nimelitia wanga, nimelitandika chini ya godoro. Kazi yangu ni kuondoa mikunjo kwenye nguo. Ile haiondoki.

Bafta siuzi tena. Waliofiwa nawaelekeza kwa fundi mwenzangu. Na Kizota mafundi wa pale relini wameanza kufunga mapema. Mmoja aliniletea suruali kuipunguza, akanisimulia bila mimi kumuuliza: kuna dada anauliza watu kama wanavuka. Ukigeuka umjibu, hakuna mtu. "Ana adabu sana," akasema, "ndiyo maana inatisha."

Mara kadhaa nimeazima ile baiskeli nikaenda pale asubuhi. Ninasimama katikati ya reli, nasema kwa sauti, watu wananiona kichaa: "Nyemo, panda. Tunageuza. Tunarudi kwa mama, njia ya Mkonze, twende, tusiachane." Napanda, nakanyaga. Baiskeli ni nyepesi kama unyoya. Haijawahi kuwa nyepesi vile. Narudi nyumbani naisukuma, siwezi kuipanda.

Kijijini sijarudi. Nimefunga mikoba, nimeifungua. Niende mikono mitupu nimwambie nini? Siku moja sokoni nilikutana na mmoja wa wale vijana, amekuja kuuza mkaa. Sikumuuliza, akaniambia mwenyewe. Mama Nyemo bado anateremka korongoni kila jioni. Anaelekeza njia, anasubiri, anaanza upya. "Ila siku hizi analalamika," yule kijana akasema. "Anasema zamani alikuwa anajua kabisa mtoto anamsikia. Sasa hivi anaona kama anaongea na mchanga."

Nikamwambia msalimie. Nikanunua mkaa ambao sikuuhitaji.

Basi nawe unayesoma, ukitamani kuzunguka vijijini kwa baiskeli, zunguka, nchi hii ni nzuri na zabibu ziko shambani kweli. Ukifika mahali watu wanapita kimya, pita kimya, usisubiri kuelezwa sababu. Na ukishafungua mdomo ukamwambia mtu twende nyumbani, awe hai, awe mfu, mfikishe. Uzito wake hautakuua. Mimi niliyeubeba nakwambia, haukuwa mzito kiasi hicho.

Haya yote nilikuwa nimeyafunga moyoni, mpaka wiki iliyopita nikamweleza Mama Ndahani, kwa kuwa yeye ni mtu wa huko na nilitaka anipe dawa, au dua, au hata matusi. Alikuwa anachambua mlenda. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuwe majirani. Nikamuuliza, sasa mama, kwa nini hapandi? Nimemwita kwa jina, nimemwambia njia yote, nimekwenda na baiskeli ile ile, kwa nini hapandi?

Akapepeta majani, akapuliza takataka, akanitazama.

"Ingekuwa ni wewe umeachwa pale," akasema, "ungepanda tena baiskeli ya mtu huyo huyo?"